Historia ya Marehemu Wendelin Kessel, Aliyesogeza Uzio wa Makaburi

Baba Paroko, wanaparokia wa Mtakatifu Aloisi, majirani wa Rosental na wa mashamba ya kaskazini, nanyi mliosimama kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kuwahi supu, kwa niaba ya familia ya Kessel nawashukuru kwa kufika. Mimi ni Ottilia Kessel, dada mdogo wa marehemu na ndugu pekee aliyebaki, nami nasoma historia hii kwa sababu mwanawe Pius alisema hataweza, na binti yake Klara akasema hatathubutu. Nimeombwa nisome kwa ufupi na kwa upole. Ufupi nitajitahidi.

Najua mliopita kilimani asubuhi hii mmeona kaburi limechimbwa nje ya uzio wa makaburi, ndani ya shamba lililovunwa, wakati nafasi kando ya mkewe iko wazi tangu mwaka 2009, na najua mnalitazama hili kopo la kahawa lililowekwa mezani kando ya jeneza, mkidhani labda nimelisahau hapa. Sijalisahau. Yote mawili nitayaeleza mahali pake, na mkisikia nataja ukanda wa mashariki, mjue nasema juu ya kile kipande cha ardhi chenye upana wa hatua kumi na nne kati ya uzio wa sasa na pale uzio ulipokuwa zamani, maana ndicho tunachobishania na Pius tangu wiki iliyopita, na leo kinaamuliwa.

Marehemu Wendelin alizaliwa tarehe 11 Machi 1941, katika nyumba ninayoishi mimi hadi leo, maili nne kaskazini mwa Rosental, Dakota Kaskazini, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Matias Kessel na marehemu Barbara, waliooana wakati wa ile miaka ya vumbi, upepo ulipokuwa ukibeba udongo wa mashamba, wakanusurika na ng'ombe wawili na mbegu za viazi, na ambao kwa sababu ya vumbi hilo walipanda mistari mitano ya miti upande wa kaskazini-magharibi wa kilima, Baba akichimba mashimo na Mama akibeba maji ya kunyweshea kwa ndoo mbili, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka miti ikasimama na kukinga upepo. Babu yetu Kaspar ndiye aliyetoa ekari mbili za kilele cha kilima kwa ajili ya makaburi, tarehe 2 Mei 1911, na akaandika katika kitabu cha parokia kanuni mbili tu, kwamba ardhi hiyo isiguswe na plau, na kwamba kila mbatizwa atakayelazwa pale alazwe ndani ya uzio. Ndiyo maana mpaka leo zile nyasi za ndani ni zilezile babu alizozikuta, zenye mizizi inayozidi kimo cha mtu, na ndege wa kifua cha njano bado wanatagia humo kwa kuwa hawana pengine pa kwenda.

Tarehe 9 Januari 1946 Mama alijifungua mtoto wa pili wa kiume, akaitwa Balzer, akaishi siku nne, na tarehe 14 Januari akazikwa katika mstari wa vichanga ukingoni mwa mashariki, ambako vilikuwepo vingine kumi, kila kimoja na msalaba wake wa mbao, kwa sababu misalaba ya chuma ilifuliwa kwa ajili ya watu wazima. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo Balzer sikumwona. Nilimjua kwa jinsi Mama alivyokuwa akitazama kilimani kila theluji ya kwanza ilipoanguka.

Elimu ya msingi marehemu aliipata katika shule ya chumba kimoja, Shule Namba Tatu, kuanzia Septemba 1947 hadi Mei 1955, akaendelea na sekondari mjini Rosental kwa miaka miwili, akaacha mwezi Aprili 1957 baada ya Baba kuumia mgongo. Hakuwa mjinga, na ninaomba hili lisikike vizuri, kwa sababu katika siku hizi tatu za maombolezo nimesikia watu wakisema kwamba wakulima wa rika lake hawakujua walichokifanya. Tarehe 20 Oktoba 1956, katika mashindano ya vijana ya kutambua udongo, marehemu alishushwa ndani ya mashimo manne yaliyochimbwa katika mashamba asiyoyajua, akapewa dakika kumi kila shimo, akashika udongo kwa vidole, akaulamba, akataja kina cha udongo mweusi, mahali udongo wa njano unapoanzia, na kiasi ambacho kila mteremko ungepoteza ukilimwa vibaya, akawashinda vijana wa wilaya tisa. Cheti chake kilitundikwa sebuleni kwa miaka sitini na minane, na hakikutolewa vumbi na mwingine ila Rosina.

Kwa upande wa kazi, marehemu alikabidhiwa shamba na Baba tarehe 1 Novemba 1963, akalima ngano, shayiri na alizeti, na baadaye, bei zilipopanda, mahindi na soya, na mwaka huohuo wa 1963 parokia ikamchagua kuwa mtunza makaburi, kazi ya maisha kwa desturi yetu, akapewa ramani ya makaburi, ufunguo wa lango na fyekeo. Nyasi za makaburini alizikata vizuri, hilo silipingi. Lakini shamba lake liliyazunguka makaburi pande tatu, na hapo ndipo shetani alipokaa.

Mwezi Aprili 1974 alinunua trekta kubwa la kwanza katika eneo letu, lenye magurudumu manane, na kwa kuwa halikuweza kugeuka vizuri pale kilimani, aliung'oa uzio wa mashariki akausogeza ndani hatua saba, akisema kwamba kipande hicho hakina kaburi hata moja, jambo lililokuwa kweli. Mwaka 1978 alichimba mtaro akayakausha madimbwi saba yaliyokuwa chini ya kilima, yale ambayo bata-mwitu walikuwa wakishukia kwa maelfu kila masika, akapata ekari thelathini na moja za kupanda, ambazo baada ya miaka kumi zilitoka chumvi nyeupe zikaacha kuotesha kitu, na kisima changu ambacho Baba alikunywa maji yake maisha yake yote kikawa kichungu hata farasi akakikataa. Nilipomwendea kumlalamikia alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Tilia, wewe mpishi wa shule, tia sukari."

Mwezi Mei 1996 alinunua mashine ya kupandia yenye upana wa futi sitini, akausogeza uzio tena hatua saba, na safari hii alipita juu ya mstari wa vichanga kumi na mmoja. Misalaba ya mbao ilikuwa imeoza zamani, lakini ramani alikuwa nayo yeye, na namba zao zilikuwamo. Nilimkuta palepale juu ya trekta, nikasimama mbele ya gurudumu nikamwambia, "Kaka, umelima juu ya Balzer." Alizima injini kwa heshima, akavua kofia, akaniambia, "Balzer yuko futi sita chini, plau yangu inachimba inchi sita, kwa hiyo hatujagombana, yeye na mimi." Nikamwambia kwamba wafu wana haki ya mahali pao. Akasema, "Wanataka nafasi ya nini, wacheze mpira?" Akawasha injini nikaondoka njiani, na kuondoka kule ndiko ninakokujutia katika maisha yangu kuliko kitu kingine chochote.

Wanaparokia nanyi mlikuwepo. Jumapili iliyofuata kila mtu aliona uzio mahali ulipofika, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu Rochus Wald alikuwa amekula ukingo wa barabara, na ndugu Schatz walikuwa wamelima mpaka ukutani mwa shule iliyofungwa, na kila mmoja humu alikuwa na kijipande chake alichokisogelea taratibu, na mwenye kijipande hamwulizi mwenzake. Tulikunywa kahawa tukazungumzia mvua.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Rosina Feist tarehe 6 Juni 1964 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Klara aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1966, ambaye ni muuguzi mjini Fargo, na Pius aliyezaliwa tarehe 17 Februari 1970, ambaye amelima na baba yake tangu amalize shule. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini na mitano, na ilikuwa ndoa ya watu wawili wasiopigiana kelele. Wote mnajua kwamba kila majira ya kuchipua, barafu ya ardhini ikishaganda na kuyeyuka, mawe huibuka mashambani, nasi huyaokota kabla ya kupanda yasije yakavunja vyuma. Basi kuanzia Pasaka ya mwaka 1997, wifi yangu Rosina alipaka chokaa mawe kumi na moja, akayabeba kwa toroli mpaka ukanda wa mashariki, akayapanga pale mstari wa vichanga ulipokuwa, na wiki mbili baadaye marehemu alikuja na gari lake la kuokotea mawe, akayaokota yote kumi na moja, akayatupa kwenye lundo la mawe pembeni mwa shamba. Pasaka iliyofuata Rosina aliyatoa lundoni, akayapaka tena, akayapanga tena, na mumewe akayaokota tena. Walifanya hivyo Pasaka kumi na tatu, wala hawakuzungumza juu yake hata mara moja, wakiwa mezani wanapeana chumvi na siagi kwa adabu zote. Rosina alifariki tarehe 22 Oktoba 2009, na tangu mwaka uliofuata ukanda ule haukuwa na jiwe.

Niliwahi kumwuliza Rosina kwa nini asimwambie tu mumewe, akanijibu, "Wifi, nimeshamwambia, yeye anaokota."

Mwezi Oktoba 2012, bei ya mahindi ikiwa juu kuliko alivyowahi kuiona, marehemu alileta buldoza akaing'oa mistari yote mitano ya miti ya Mama, kwa sababu mashine ililazimika kuizunguka, akaisukuma ikawa lundo, akaichoma moto kwa siku tatu. Nilitazama moshi ule kutoka dirisha la jikoni. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitano, na nililia kwa sauti nikiwa peke yangu, nikitaja jina la Mama, halafu nikanawa uso nikaenda kupika chakula cha watoto wa watu.

Baada ya hapo upepo ulipata njia. Mnaokumbuka masika ya mwaka 2021, yale ya ukame, mtakumbuka kwamba kulikuwa na siku ambazo tuliwasha taa mchana, na udongo wa kilima chetu ulijaa mitaroni na juu ya madirisha ya kanisa hili, na mama Schatz alifagia vumbi kutoka madhabahuni kwa koleo dogo la majivu. Ukienda leo ukasimama penye uzio wa mashariki utaona kuna ngazi, upande wa ndani uko juu na upande wa nje umeshuka shubiri nzima, na hakuna aliyeuchimba, umeondoka wenyewe. Marehemu aliona hayo kuliko sisi sote, yeye aliyeweza kuusoma udongo kwa ulimi. Alipanda mahindi.

Kuugua kwake kulianza masika hayohayo, kwa kikohozi kikavu, akatibiwa mjini Rosental, na tarehe 6 Machi 2023 akalazwa Bismarck, ambako daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake akamweleza kwamba yamejaa vumbi la miaka mingi, na kwamba hayatapona. Pius alikuwepo, aliniambia baba yake aliitazama picha ile akasema, "Kumbe ule udongo haukwenda mbali." Alirudi nyumbani, na kwa kuwa Pius alikuwa shambani na Klara yuko Fargo, nikahamia kwake nikamwuguza mimi, miezi kumi na tisa, nikimwinua, nikimlisha, na nikimkumbusha kila jambo alilofanya. Alisema hajawahi kupata uji wenye maneno mengi namna ile.

Sasa nafika kwenye kopo. Jumanne tarehe 1 Oktoba mwaka huu, saa tisa alasiri, marehemu aliniomba nifungue droo ya kabati lililo chini ya cheti chake, nikatoa kopo hili, nikalifungua, nikakuta kipande cha ubao, misumari minne, na mfupa mmoja mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Nikamwuliza, "Huyu nani?"

Akasema, "Unamjua."

Nikamwuliza tangu lini, akasema tangu tarehe 12 Mei 2021, plau ilipomleta juu, na kwamba alisimamisha trekta, akaokota alichoweza kuokota, akaendelea kupanda. Nikamwambia, "Uliniambia yuko futi sita, Wendelin. Ulivua kofia ukaniambia futi sita." Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuna aliyelijua. Akasema, "Nilikuwepo, Tilia. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya sleji, tulimburuta juu ya theluji. Ardhi ilikuwa chuma tupu, Baba alipiga sululu mpaka akalia, akafika hapa," akaweka mkono juu ya goti lake chini ya blanketi. "Akasema inatosha. Akasema nisimwambie Mama."

Alikuwa na umri wa miaka minne na miezi kumi siku hiyo, na hakumwambia Mama, wala hakuniambia mimi, wala hakumwambia Rosina Pasaka zote kumi na tatu. Alijua kina cha kaburi lile alipousogeza uzio, alijua alipozima injini na kuvua kofia, alijua alipoing'oa miti, na kila mwaka udongo ulipopungua alikuwa akihesabu, kwa sababu hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyompa cheti. Nilimchukia. Nasema hili mbele ya jeneza lake na mbele ya Sakramenti, nilimchukia kwa siku tano mfululizo, nikimbadilishia shuka na kumpa dawa kwa saa zake bila kufungua mdomo, na siku ya sita nikachoka kuchukia nikampikia supu ya madonge ya unga.

Alikula vijiko vitatu, akaomba alazwe kando ya Rosina. Nikamwambia kwamba atalazwa kando ya Rosina siku ukanda wa mashariki utakaporudi ndani ya uzio, na si kabla, maana ramani niliichukua mimi alipougua na ufunguo ninao. Akasema ardhi ameshaiandika kwa Pius, niongee na Pius. Tukamwita Pius, akaja na buti zake, tukamweleza yote, akaliona kopo, akawa mweupe, lakini akasema, "Shangazi, nasikitika, lakini mashine ina futi sitini, haigeukii kwenye sahani. Nikitoa hatua kumi na nne pale, nimepoteza kona nzima." Nikamwambia kona hiyo haina udongo tena, anapanda mbolea juu ya kokoto. Akasema, "Hata hivyo inahesabika." Pius, uko hapo mbele, ukiona nimekosea neno, simama useme.

Basi. Hajasimama.

Tarehe 7 Oktoba asubuhi marehemu alituita tena sote wawili, akakaa kitako kwa shida, akasema, "Nizikeni nje. Palepale alipokuwa Balzer." Pius akasema haiwezekani, baba azikwe shambani kama mbwa. Marehemu akamwambia, "Babu yangu aliandika, kila atakayelazwa kilimani awe ndani ya uzio. Mimi nikiwa nje, uzio utanifuata." Halafu akamtazama mwanawe, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akasema, "Mimi nilipitisha mashine juu ya ndugu yangu. Wewe huwezi kuipitisha juu ya baba yako, Pius, wewe ni mwoga." Kisha akanigeukia akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba na anayejua jibu, kama Rosina ataelewa, nikamjibu kwamba Rosina alikuwa anaelewa tangu mwaka 1997. Alilia. Sikumfuta machozi mara moja, nilimwacha kidogo.

Kwa hiyo aliiacha nafasi kando ya mkewe, aliyoitunza kwa fyekeo lake miaka kumi na mitano, ili arudishe hatua kumi na nne za ardhi iliyokufa. Ni tendo jema, na kwa miaka themanini na mitatu ni hilo ninaloweza kulisoma hapa bila kukaza meno. Marehemu Wendelin alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi kamili jioni, nyumbani, akiwa amemshika Klara mkono, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa, na ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na dada mmoja.

Jana mchana wanaume sita walichimba kaburi lake kwa mikono kama ilivyo desturi, na Pius akiwa mmoja wao, akaniuliza akiwa shimoni, "Shangazi, mnamzika baba au mnanizika mimi?" Nikamjibu kwamba yeye bado analima. Walipochimba kaburi la Rosina mwaka 2009, ndani ya zile nyasi, koleo lilishuka katika udongo mweusi urefu wa mkono mzima kabla ya kuona njano, na Pius alikuwepo, alilichimba kaburi la mama yake. Jana, hatua ishirini kutoka hapo, walipata njano baada ya vidole vinne. Nilimwona Pius akipima kwa vidole, akapima tena upande wa pili, akakaa juu ya ukingo wa shimo mpaka wenzake wakampa maji.

Sasa shukrani. Familia inamshukuru daktari wa Bismarck na wauguzi wake, waliomweleza ukweli mapema, daktari wa Rosental aliyekuja nyumbani kila alipoitwa hata barabara zilipofungwa na theluji, Baba Paroko kwa huduma zake na kwa kukubali kubariki kaburi nje ya uzio, kwa sharti kwamba liwe ndani ya uzio kabla jua halijazama, majirani walioleta kuni, keki na maneno mazuri yasiyo ya kweli, wakulima wenzake wa ushirika wa ghala la nafaka waliosimamisha uvunaji siku ya leo ingawa mahindi yako tayari, na wale wanaume sita. Hatuwezi kuwataja wote kwa majina, na wengine msingependa.

Ratiba ni kama ifuatavyo. Baada ya misa tutapanda kilimani kwa miguu. Nguzo ishirini na mbili na waya viko nyuma ya gari la Rochus Wald, ambaye amevitoa mwenyewe bila kuombwa, na kila mwanaume humu aliyewahi kusogeza kitu chochote maishani mwake atachukua nguzo moja. Mbegu za nyasi nimezikusanya kwa mkono ndani ya makaburi tangu Agosti, magunia mawili, na Pius atazimwaga yeye, juu ya ukanda mzima, mbele yetu. Supu ya madonge iko chini ya kanisa katika masufuria manne, nimeipika mimi, mlango nimeufunga, na hautafunguliwa mpaka nguzo ya mwisho isimame. Nafasi kando ya Rosina nitalala mimi, tuna mengi ya kuzungumza.

Wendelin, kaka yangu, Klara atafungua jeneza kidogo kabla hatujatoka, na kopo hili litawekwa chini ya mkono wako wa kulia, ule ulioshika kamba ya sleji. Safari hii ardhi haijaganda, na hakuna aliyechoka akasema inatosha. Shimo ni futi sita kamili, nimeshusha kamba nikapima mwenyewe. Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.